Kigeu cha mazingira hakifiki ndani ya pakeji ya virtual: dalili, chanzo na pa kushika

Kuna programu moja ya ripoti ndiyo iliyonifundisha hii kitu. Ilikuwa imefungashwa kwa App-V (zana ya Microsoft inayoiweka programu kwenye boksi lake, yaani pakeji ya virtual, badala ya kuisakinisha kawaida), inasoma database ya Oracle, na kila mtu akiifungua anakutana na ORA-12154, yaani programu haijui lile jina la database linaelekea wapi. Faili la tnsnames.ora, ndilo lenye majina ya database na anwani zake, lilikuwa limehamishiwa seva nyingine, basi mimi nikabadili TNS_ADMIN, kigeu kinachoonyesha folda ya faili hilo, kwenye mashine zote, nikaristati, nikafungua cmd nikaandika `echo %TNS_ADMIN%`, jibu likaja safi kabisa, njia mpya hiyo hapo. Nafungua programu, ORA-12154. Nikashuku firewall, nikashuku ruhusa za folda, nikakagua herufi moja moja kwenye tnsnames.ora, siku nzima ikaishia hapo. Kesho yake ndo nikafungua cmd ndani ya pakeji yenyewe, nikaandika amri ileile, ikanijibu `C:\Temp\ora`. Kumbe aliyefungasha ile pakeji alikuwa ameweka hiyo thamani kwenye mashine yake wakati anarekodi usakinishaji, ikanaswa ikabaki humo, na thamani iliyo ndani ya pakeji inaishinda ya mashine.

Tangu siku hiyo sigusi kitu kabla sijaingia ndani ya boksi na kuuliza. Ukinisikiliza kwa jambo moja tu basi liwe hili, manake tiketi nyingi za aina hii ninazopokea, mtu amebadili vitu vitano tayari na hakuna hata kimoja alichokikagua kutokea mahali ambapo programu inakaa.

Kwanza ingia ndani

Vigeu vya mazingira ni yale majina yanayobeba thamani, PATH, TEMP, JAVA_HOME na wenzake. Kila mchakato unaoanza unapewa nakala yake kutoka kwa mchakato uliouzaa, na baada ya hapo hiyo nakala ni yake peke yake, ukibadili kwingine yeye hana habari. Kwenye pakeji ya virtual kuna hatua moja zaidi, kwamba kati ya mzazi na programu kuna tabaka linaloongeza, linabadili au linafuta baadhi ya majina kabla programu haijaamka. Ndo maana cmd ya kawaida haiwezi kukwambia ukweli wa ndani.

Kwa App-V 5 na ile iliyokuja ndani ya Windows 10 kuanzia toleo 1607, fungua PowerShell:

```
$p = Get-AppvClientPackage -Name "JinaLaPakeji"
Start-AppvVirtualProcess -FilePath cmd.exe -AppvClientObject $p
```

Au ukiwa na namba za pakeji unaweza kwenda moja kwa moja:

```
cmd.exe /appvve:PackageId_VersionId
```

Kwa MSIX (muundo mwingine wa Microsoft wa kufungasha programu):

```
Invoke-CommandInDesktopPackage -PackageFamilyName "..." -AppId "..." -Command "cmd.exe" -PreventBreakaway
```

Kwa Flatpak (hii na Snap ni za Linux) ni `flatpak run --command=sh` ikifuatiwa na kitambulisho cha programu, na kwa Snap ni `snap run --shell` na jina lake.

Ukishakuwa ndani andika `set` (au `env` kwenye Linux), mwaga yote kwenye faili, afu fungua cmd ya kawaida ufanye hivohivo, uweke mafaili mawili ubavuni. Tofauti utaiona kwa macho. Fanya kama mtumiaji yuleyule mwenye shida, usifanye kama admini, kwa sababu admini ana HKCU yake (sehemu ya rejista ya Windows ya kila mtumiaji) na vigeu vyake na unaweza kukuta kwako kila kitu kizuri huku mwenzio analia.

Kuna tahadhari moja lakini. Hiyo cmd uliyoifungua inarithi pia kutoka kwa PowerShell yako, kwa hiyo kama PowerShell ilifunguka asubuhi kabla hujabadili kitu, utaona mambo ya asubuhi. Fungua mpya kila mara. Ukitaka kuona mchakato wa programu yenyewe ukiwa unakimbia, tumia Process Explorer, bonyeza mara mbili kwenye mchakato, nenda tabu ya Environment, hapo hakuna kubahatisha.

Dalili: nje kipo na thamani sahihi, ndani kina thamani nyingine

Hii ndo ya kwangu ya TNS_ADMIN. Chanzo karibu kila mara ni kwamba Sequencer, zana inayorekodi usakinishaji na kutengeneza pakeji ya App-V, ilinasa kigeu wakati wa kurekodi. Installer nyingi zinaandika kwenye `HKLM\SYSTEM\CurrentControlSet\Control\Session Manager\Environment` au `HKCU\Environment` bila kukuambia, na mfungashaji naye akiwa ameweka kitu cha majaribio kinaingia humohumo.

Kuthibitisha ni rahisi. Faili la .appv ni zip tu, chukua nakala, badili kiambishi kiwe .zip, fungua, soma AppxManifest.xml utafute neno EnvironmentVariables. Kama jina lako limo, umempata mhalifu.

Kutibu kuna njia mbili. Njia ya haraka ni kuliandika upya kwenye DeploymentConfig.xml, ile inayotoka pamoja na pakeji, sehemu ya UserConfiguration, ndani ya Subsystems:

```
<EnvironmentVariables Enabled="true">
  <Include>
    <Variable Name="TNS_ADMIN" Value="\\seva\shiriki\tns" />
  </Include>
</EnvironmentVariables>
```

Njia ya kudumu ni kufungua pakeji upya kwenye Sequencer na kuondoa hicho kigeu, utoe toleo jipya. Mimi huwa nafanya zote mbili, ya kwanza watu waendelee na kazi leo, ya pili ili mtu atakayekuja baada yangu asikute thamani mbili zinazopingana asijue ipi ni ipi. Kwa vitu vinavyobadilika kulingana na mahali, kama anwani ya seva au folda ya mtandao, kwa maoni yangu visiwe ndani ya pakeji kabisa. Pakeji ibebe kile ambacho ni cha programu, mashine ibebe kile ambacho ni cha mashine.

Dalili: nimeandika kwenye XML lakini ndani hakuna kitu

Hapa pana vyanzo vingi na vinachanganya watu sana, tukae kidogo.

Cha kwanza kabisa, angalia kama ulichoandika hakiko ndani ya komenti. Mafaili ya config yanakuja na mifano iliyozungukwa na `<!--` na `-->`, mtu anabadili mfano ulio mle ndani, anasevu, anaona kila kitu kiko sawa na XML haina kosa lolote, kumbe hakuna anayeisoma. Nimeona hii mara nyingi mno. Ipo pia ya herufi, XML inajali herufi kubwa na ndogo, `variable` si `Variable`. Na kama thamani yako ina alama ya & lazima iandikwe `&amp;`, isipoandikwa hivo faili zima linakataliwa.

Cha pili, faili umelibadili lakini hujalipeleka kwa App-V. XML kukaa ubavuni mwa .appv kwenye folda haitoshi, lazima itajwe kwa jina:

```
Add-AppvClientPackage -Path "...\Pakeji.appv" -DynamicDeploymentConfiguration "...\Pakeji_DeploymentConfig.xml"
```

Kama pakeji ilishaongezwa zamani unatumia Set-AppvClientPackage na hilohilo `-DynamicDeploymentConfiguration`, afu una-publish upya, yaani unaitoa tena kwa watumiaji. Watu wanasahau hiyo ya mwisho. Na kama pakeji inatoka kwenye seva ya usimamizi, basi nakala inayohesabika ni ile iliyoingizwa kwenye konsoli, ukihariri faili kwenye shea haibadilishi chochote mpaka uiingize tena.

Cha tatu ni mkanganyiko wa DeploymentConfig na UserConfig. Ni mafaili mawili tofauti. DeploymentConfig inatolewa wakati wa kuongeza pakeji kwenye mashine, UserConfig inatolewa wakati wa ku-publish kwa mtumiaji, kwa `-DynamicUserConfigurationPath`. Kama una-publish kwa `-Global`, yaani kwa watumiaji wote wa mashine, UserConfig haihusiki kabisa, hata ukiandika kitabu kizima humo. Na kama una-publish kwa mtumiaji ukatoa UserConfig, hiyo inafunika sehemu ya UserConfiguration iliyo kwenye DeploymentConfig. Kwa hiyo mtu anaweza kuweka kigeu kwenye DeploymentConfig, mwenzake akaweka UserConfig kwa ajili ya shotikati tu, na kigeu kikapotea bila mtu kukigusa. Kama hujui pakeji yako imekaaje, `Get-AppvClientPackage -All` itakuonyesha kama ni IsPublishedGlobally au hapana, anza hapo.

Cha nne, `Enabled="false"`. Kuna mtu aliwahi kuizima wakati anatafuta shida nyingine, akasahau kuirudisha. Soma mstari mzima, usisome jina tu.

Cha tano, pakeji ilikuwa inatumika. Ukibadili wakati programu iko wazi, kazi inawekwa kwenye foleni, ya mtumiaji inakamilika akitoka na kuingia tena, ya global inakamilika mashine ikizimwa na kuwashwa. Kumbuka programu kufungwa dirisha si sawa na mchakato kufa, kuna vijana wa nyuma wanabaki, wa kuangalia apdeti au wa kuprinti, na mmoja wao akibaki hai basi boksi zima liko hai. Angalia kwa `Get-AppvVirtualProcess`, afu `Stop-AppvClientPackage -Name "JinaLaPakeji"` ukishamwambia mtumiaji asevu kazi yake.

Dalili: leo inafanya kazi, pakeji ikipata toleo jipya inakufa

Mtu kaangalia faili lake liko wapi kwenye diski, akalikuta `C:\ProgramData\App-V\` halafu namba ndefu, halafu namba nyingine ndefu, halafu Root\VFS na kadhalika, akainakili njia yote akaiweka kwenye kigeu. Inafanya kazi kweli. Tatizo ile namba ya pili ni ya toleo, ukiapdeti pakeji inabadilika, na kigeu kinabaki kimeelekea kaburini.

Ukiwa ndani ya boksi, programu inaona njia ya kawaida, mathalani `C:\Program Files\Programu\`, hata kama kimwili mafaili yako kwingine. Weka hiyo njia ya kawaida, ile ambayo ukiandika `dir` kwenye cmd ya ndani inakupa mafaili. Kwenye cmd ya nje `dir` hiyohiyo itakwambia folda haipo, usishtuke, ndivyo inavyotakiwa.

MSIX ina mtego uleule, folda zake ziko `C:\Program Files\WindowsApps` na jina la folda lina namba ya toleo ndani yake. Usiipigilie popote.

Dalili: kigeu kipo lakini kina alama za % zisizofunguka

Unaona ndani thamani ni `%ProgramData%\Kazi` hivohivo kama ilivyo badala ya `C:\ProgramData\Kazi`. Hii inatokea zaidi thamani inapowekwa kupitia rejista. Kwenye rejista kuna aina mbili za maandishi, REG_SZ ambayo inasomwa kama ilivyo, na REG_EXPAND_SZ ambayo Windows inafungua yale ya kwenye asilimia. Mtu aliyeweka kwa skripti ya reg add bila kutaja aina anapata REG_SZ. Badili aina.

Kuna na ya kupanga mpangilio: Windows inapojenga mazingira inaanza na za REG_SZ ndipo inafuata za REG_EXPAND_SZ, kwa hiyo kigeu chenye asilimia kikitegemea kingine chenye asilimia unaweza kukuta cha pili hakijawa tayari. Ukiona jina moja linafunguka na jingine halifunguki ndani ya thamani ileile, kata mnyororo, andika njia kamili.

Dalili: PATH imekatika au imejaa takataka

PATH ina adabu yake. Vigeu vingine vya mtumiaji vinafunika vya mfumo vyenye jina hilohilo, lakini PATH ya mtumiaji inaungwa mwishoni mwa ile ya mfumo. Kwa hiyo kama kuna DLL mbili (mafaili ya msimbo ambayo programu inayaita) za jina moja, ya mfumo inapatikana kwanza, na programu yako inapata toleo ambalo siyo.

Ndani ya pakeji usiandike PATH upya kutoka sifuri, andika `%path%;C:\Program Files\Programu\bin` ili ya asili ibaki. Ukisahau hiyo `%path%` mwanzoni, programu inapoteza hata System32, na makosa yatakayokuja hayatafanana na PATH kabisa, utaambiwa faili fulani haipatikani, utaambiwa amri haitambuliki, utakimbiza vivuli.

Na tafadhali usitumie `setx` kwa PATH. setx inakata maandishi kwenye herufi 1024 na inahifadhi hicho kipande kilichokatwa, mkia wote unapotea. Tena ukiandika `setx PATH "%PATH%;kitu"` unakuwa umechanganya PATH ya mfumo na ya mtumiaji ukaiandika yote upande mmoja. Nimesafisha mashine za namna hiyo, ni kazi ya kukaa na kalamu. Ukiweza epuka kabisa kumpa mfungashaji mashine ya Sequencer yenye PATH iliyojaa vitu, ianze safi, maana kilichomo pale ndo kinachoweza kukufuata hadi kwa watumiaji.

Dalili: skripti inaweka kigeu, programu haikioni

Umeweka skripti iendeshwe pakeji ikianza, ndani yake kuna `set LESENI=1234@seva`, skripti inakimbia vizuri hata logi inasema imekimbia, programu haioni chochote. Hii inarudi kwenye lile la mwanzo, kila mchakato na nakala yake. `set` imebadili mazingira ya ile cmd iliyoendesha skripti, cmd ikaisha, ikaenda na mazingira yake. Programu haikuzaliwa na ile cmd, haiwezi kurithi kwa mtu ambaye si mzazi wake.

Kama thamani inajulikana mapema, isiwe kwenye skripti kabisa, iweke kwenye XML. Kama lazima ihesabiwe papo hapo, mathalani inategemea mtumiaji yuko kundi gani, basi tengeneza faili la .cmd liwe ndo mlango wa programu, shotikati ielekee hapo, iweke kigeu kisha yenyewe iite programu:

```
@echo off
set "LESENI=1234@seva"
start "" "C:\Program Files\Programu\programu.exe" %*
```

Angalia nilivyoweka alama za kunukuu, zinazunguka jina na thamani pamoja. Ukiandika `set LESENI="1234@seva"` zile alama zinakuwa sehemu ya thamani, na programu nyingi hazizivumilii. Ukiandika `set LESENI = 1234@seva` kwa nafasi kabla ya alama ya sawasawa, umetengeneza kigeu kinachoitwa "LESENI " chenye nafasi mwishoni, na `%LESENI%` itakuwa tupu milele. Nafasi mwishoni mwa mstari nayo inaingia kwenye thamani, kwa macho huioni. Nikihisi hivyo huwa naandika `echo [%LESENI%]` kwa mabano ya mraba, nafasi inajitokeza yenyewe.

Dalili: programu kuu inakiona, ile inayoitwa nayo haikioni

Programu inafungua nyingine, mathalani inafungua Excel au brauza, na hiyo ya pili haina kigeu. Uliza kwanza, hiyo ya pili iko ndani ya boksi au nje? Kama ilizaliwa moja kwa moja na programu yako, kwa kawaida inakuwa ndani na inarithi. Lakini kama ilikuwa tayari wazi, programu yako inaikabidhi kazi tu, ile iliyo wazi ilizaliwa na mtu mwingine zamani na mazingira yake ni ya zamani. Funga zote, jaribu tena, ukiona inakubali umeshajua.

Kwa App-V ukitaka programu iliyosakinishwa kawaida iwe inaamka ndani ya boksi kila mara, kuna ufunguo wa RunVirtual chini ya `HKLM\Software\Microsoft\AppV\Client`, unaandika jina la exe na pakeji yake. Kama ni pakeji mbili zinazohitaji kuonana, tumia connection group, yaani kundi la pakeji zinazotumia boksi moja, ila ukishaziunganisha vigeu vyao vinakutana kwenye mazingira mamoja, na vikiwa na jina moja na thamani mbili, mpangilio wa pakeji kwenye kundi ndo unaamua. Ingia ndani ya kundi, andika `set`, uone nani kashinda.

Huduma za nyuma ni habari nyingine. Huduma iliyo ndani ya pakeji haikimbii kama mtumiaji, mara nyingi inakimbia kama SYSTEM (akaunti ya Windows yenyewe), haina HKCU ya mtu yeyote, kwa hiyo kigeu cha mtumiaji hakitaifikia hata ufanyeje. Na zile zinazotegemea vigeu vya mfumo mara nyingi zinangoja mashine iwashwe upya, kuanzisha huduma upya peke yake haitoshi, kwa sababu anayezizaa alishika mazingira wakati mashine inawaka.

Dalili: ProgramFiles inaonyesha (x86)

Si kosa. Programu ya biti 32 kwenye Windows ya biti 64 ikiuliza `%ProgramFiles%` inapewa `C:\Program Files (x86)`, na PROCESSOR_ARCHITECTURE inakuwa x86. Ukiijaribu kwa cmd ya biti 64 hutaiona hali hiyo. Jaribu kwa `C:\Windows\SysWOW64\cmd.exe` ndani ya boksi. Ukihitaji ile ya biti 64 bila kujali nani anauliza, tumia `%ProgramW6432%`.

Dalili: kigeu cha nje kinaingia kuharibu

Kinyume cha yote. Pakeji imebeba Java yake au Python yake, nzuri, inajitosheleza, lakini mashine ina `_JAVA_OPTIONS` au PYTHONHOME au CLASSPATH iliyowekwa na programu nyingine, na boksi halizuii kila kitu kupita. Programu inaanza na setingi za mwenzake inaanguka. Dalili yake ni kwamba kwenye mashine safi inafanya kazi, kwa watumiaji wawili watatu tu inagoma. Hapa ndo Delete inapofaa:

```
<Delete>
  <Variable Name="_JAVA_OPTIONS" />
</Delete>
```

Baada ya hapo ingia ndani uhakikishe kweli kimetoweka.

Ukiwa kwenye MSIX

MSIX ni dunia tofauti kidogo. Ukitoka App-V ukatarajia kukuta ile sehemu ya EnvironmentVariables kwenye manifesti, utaitafuta sana. Njia inayotumika ni Package Support Framework, mafaili ya marekebisho unayoyaingiza ndani ya pakeji, na kipande chake kinachoitwa EnvVarFixup. Unaweka PsfLauncher kama exe ya pakeji, unaweka PsfRuntime na EnvVarFixup.dll, na config.json inayosema launcher iite nini na vigeu ni vipi.

Ikigoma, angalia haya kwa mpangilio huu. Je, `id` kwenye config.json ni ileile ya Application Id kwenye manifesti, herufi kwa herufi? Je, Executable kwenye manifesti inaelekea PsfLauncher au bado inaelekea programu yenyewe? Kama bado, framework yote haiguswi na hutapata kosa lolote, kimya tu. Je, njia kwenye JSON zina mikwaju miwili `\\`? Mkwaju mmoja unavunja faili. Je, muundo uliouandika chini ya processes unaendana na jina la exe? Ule ni regex (muundo wa kutafuta maandishi), na jina linaandikwa bila .exe. Na biti, programu ya 32 inahitaji dll za 32, ya 64 za 64, ukiwa na mchanganyiko weka zote.

Cha kuumiza ni kwamba config.json iko ndani ya pakeji, kwa hiyo kila ukibadili thamani moja lazima ufungashe upya, uongeze namba ya toleo na usaini upya. Ndo maana kwa MSIX nasisitiza zaidi kwamba anwani za seva zisikae humo.

Ukiwa kwenye Flatpak

Hapa ni nyepesi. Kuweka kwa kudumu ni `flatpak override --user --env=JINA=thamani` na kitambulisho cha programu, kwa mara moja ni `flatpak run --env=JINA=thamani`. Ukikuta thamani usiyoijua ndani, andika `flatpak override --user --show` na kitambulisho, mara nyingi ni mtu aliweka zamani, faili lake liko `~/.local/share/flatpak/overrides`. Kuna za mfumo pia `/var/lib/flatpak/overrides`, na hizi watu hawazikumbuki. Vigeu kama XDG_DATA_HOME Flatpak inaviweka yenyewe vielekee `~/.var/app`, kwa hiyo programu ikisema setingi zako hazipo, nenda huko kwanza kabla hujaanza kusafirisha mafaili. Na kuweka kigeu chenye njia ya folda hakumpi mtu ruhusa ya kuingia kwenye hiyo folda, ukimpa `--env` bila `--filesystem` programu italijua jina la folda lakini mlango utakuwa umefungwa.

Ile programu ya ripoti nayo iliisha hivi: niliandika Include yenye njia mpya kwenye DeploymentConfig, nikatumia Set-AppvClientPackage, nika-publish upya, nikawaomba watu watoke na kuingia. Nikaingia ndani, `echo %TNS_ADMIN%`, njia mpya. Ripoti ikafunguka. Wiki iliyofuata tulitoa toleo jipya la pakeji bila kigeu hicho, na Include nikaifuta.